Florida hadi Mwezini na kurudi: kumbukumbu za safari ya Orion, siku kwa siku

Kumbukumbu hizi zimeunganishwa baada ya chombo kurudi, kutoka taarifa za kila siku za NASA na picha za kamera zilizofungwa kwenye ncha za paneli za jua. Orion ni chombo cha kubeba watu cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na safari ni ile ya Artemis I, Novemba na Desemba 2022. Ndani hakukuwa na mtu. Katikati ya siku na siku kuna maelekezo kwa anayetaka kufuatilia safari ya namna hii kwa darubini au dishi lake mwenyewe, maana chombo kikishafika umbali wa Mwezi hakifuatiliwi kama setilaiti za kawaida. Tena usiku unaotangazwa sana kwenye habari mara nyingi ndio usiku mbovu kwa mtazamaji.

Saa zote hapa ni UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa mtindo wa saa 24. Ukiona 06:47 isome kama kompyuta inavyoisoma, si kama saa sita yetu.

Agosti 29 hadi Novemba 14: kusubiri

Wasafiri walikuwa tayari tangu Agosti. Kiti cha kamanda kilikaliwa na mwanasesere Campos, aliyevalishwa suti ileile watakayovaa wanaanga, na kiti chake kikiwa na vipima mtikisiko. Jina lake ni la Arturo Campos, mhandisi wa umeme aliyesaidia kuirudisha Apollo 13, chombo kilichoharibika kikiwa njiani kwenda Mwezini mwaka 1970. Pembeni yake walikaa Helga na Zohar, viwiliwili viwili vilivyotengenezwa kwa matabaka 38 kila kimoja na kujazwa vipima mionzi. Zohar alivalishwa fulana ya kukinga mionzi, Helga hakuvalishwa. Tofauti ya vipimo vyao ndiyo ingeeleza kama fulana inasaidia. Chakula hakikupakiwa, ukiacha hamira iliyokuwa ndani ya setilaiti ndogo ya BioSentinel, nayo ilipakiwa ipigwe mionzi.

Agosti 29 safari iliahirishwa kwa sababu injini namba 3 ilionekana haijapoa vya kutosha. Injini za roketi hiyo, ziitwazo RS-25, hupozwa kwanza kwa haidrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 253 chini ya sifuri, ili baridi hiyo isizishtue ghafla zinapowashwa. Baadaye ikabainika kwamba injini ilikuwa imepoa, kilichodanganya ni kipima joto. Septemba 3 ikawa zamu ya haidrojeni kuvuja kwenye kiungio cha bomba la inchi 8 chini ya roketi. Molekuli ya haidrojeni ni ndogo mno, na kiziba kinaposinyaa kwa baridi hupata upenyo. Mafundi walipokitoa kiziba walikuta kibonyeo cha takriban robo milimita. Dawa ilikuwa kubadilisha viziba na kujaza mafuta polepole, kwa shinikizo dogo zaidi. Jaribio la Septemba 21 lilionyesha kwamba inawezekana.

Kisha kikaja kimbunga Ian, roketi ikarudishwa ndani. Novemba 4 ikatoka tena. Barabara yake ina urefu wa km 6.4 tu, lakini hupitwa kwa saa nane hivi, kwa sababu gari la minyororo linalobeba roketi na mnara wake haliendi hata mwendo wa mtu anayetembea. Juu ya barabara hiyo humwagwa kokoto za mtoni, zilizochaguliwa kwa kuwa hazitoi cheche kirahisi zinaposagwa na minyororo. Roketi ikiwa nje, Novemba 8 kulikuwa na kupatwa kikamilifu kwa Mwezi, na siku mbili baadaye kimbunga Nicole kikapita. Upepo ulibandua ukanda mwembamba wa gundi ya kuziba mianya karibu na Orion. Wahandisi walikokotoa kitakachotokea iwapo kipande kingine kingebanduka wakati wa kupaa, wakaridhika.

Anayepanga kusafiri kwenda kutazama urushaji wa roketi mpya aweke akiba ya siku nyingi. Kwa Artemis I, siku iliyotangazwa na siku ya kuondoka zilipishana kwa miezi miwili na nusu.

Siku ya 1, Novemba 16: kuondoka

Dirisha la kurusha lilifunguka 06:04, roketi ikaondoka 06:47:44. Dakika zile arobaini na ushee zililiwa na mambo mawili. La kwanza ni haidrojeni tena, safari hii ikivuja kwenye vali ya mnara wa kurushia. Mafundi watatu waliingia chini ya roketi iliyokwisha kujazwa mafuta, mahali ambapo kila mtu mwingine alikuwa ameondolewa, wakakaza nati za vali, wakatoka. La pili ni kifaa cha mtandao kilichokufa kwenye rada ya usalama wa anga. Bila rada hiyo hairuhusiwi kurusha. Kilibadilishwa, kikajaribiwa, na mkurugenzi wa urushaji Charlie Blackwell-Thompson, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo NASA, akatoa ruhusa.

Roketi ya SLS ina urefu wa mita 98. Roketi zake mbili za pembeni ziliisha na kuachwa baada ya dakika mbili na kidogo. Tangi kubwa, lililobeba zaidi ya lita milioni 2 za haidrojeni, lilimalizika kwa dakika nane hivi. Mlipuko wa kuondoka uling'oa milango ya lifti ya mnara. Injini nne za RS-25, ambazo zamani ziliundwa zitumike tena na tena kwenye Space Shuttle, chombo cha zamani cha NASA, zote zilikwenda baharini. Hapa ndipo nauli inapoonekana: mkaguzi mkuu wa NASA aliliambia Bunge la Marekani, Machi 2022, kwamba kila urushaji wa Artemis katika safari nne za mwanzo ungegharimu dola bilioni 4.1.

Saa moja na nusu hivi baada ya kuondoka, hatua ya juu ya roketi iliwasha injini yake moja kwa takriban dakika 18 na kukisukuma chombo kuelekea Mwezini. Orion ikaachana nayo, paneli zake nne zikiwa zimekunjuliwa kutoka ncha hadi ncha mita 19. Katika kuvuka mkanda wa mionzi unaoizunguka Dunia, chombo kiligeuzwa, na mionzi ndani ya kibanda ikapungua kwa nusu wakati huohuo. Matokeo hayo yalichapishwa 2024. Kugeuza chombo hakuongezi uzito wowote, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya fulana wala kuta nene.

Walioteremka njiani ni setilaiti ndogo 10. Bahati zao zilitofautiana vibaya. EQUULEUS ya Japani, inayosukumwa kwa mvuke wa maji, ilifanya kazi vizuri, na ArgoMoon ya Italia ilituma picha. OMOTENASHI, pia ya Japani, ilizunguka ovyo, paneli zake hazikuelekea Jua, ikaishiwa umeme na kushindwa kutua Mwezini. NEA Scout haikusikika kabisa. LunaH-Map ilikwama vali ya mfumo wa kuisukuma. Zilikuwa zimefungwa ndani ya roketi zaidi ya mwaka mzima, na si zote zilizoweza kuchajiwa tena betri wakati wa kusubiri.

*Kwa mwenye darubini.* Saa za mwanzo baada ya kuondoka kuelekea Mwezini ndizo rahisi kwa mwanga, kwa kuwa chombo bado kiko karibu, lakini ni ngumu kwa kulenga. Pata nafasi yake kwenye Horizons, mfumo wa JPL, maabara ya NASA, wa kukokotoa mahali vilipo vyombo na sayari. Orion ya safari hii ina namba -1023. Jambo la kwanza ni mahali pa mtazamaji. Ukiacha mfumo ukokotoe kana kwamba umesimama kwenye kitovu cha Dunia, kitu kilicho umbali wa Mwezi kinaweza kukosewa kwa karibu digrii nzima, na kamera nyingi zilizofungwa kwenye darubini huona eneo dogo kuliko hapo. Weka latitudo, longitudo na mwinuko wako. Omba jedwali la kila dakika 5 pamoja na kasi ya mwendo angani. Saa za mwanzo omba la kila dakika 1. Saa ya kompyuta iwe imesawazishwa na intaneti muda mfupi kabla ya kuanza. Na kila injini inapowashwa, jedwali la zamani limeisha kazi: pakua jipya. Marekebisho ya kwanza ya njia yalifanyika saa nane hivi tu baada ya kuruka, kwa hiyo aliyechapisha jedwali asubuhi na kulitumia usiku alikuwa akilenga mahali pasipo na kitu.

Siku ya 2 hadi ya 5

Mwendo tu, na kasi ikipungua kadiri Dunia inavyovuta nyuma. Kilichosumbua ni kamera za kutambua nyota, ambazo chombo huzitumia kujua kimeelekea wapi. Zilitoa taarifa zisizoeleweka mara kwa mara. Sababu ilipatikana baada ya siku kadhaa: injini ndogo za kugeuza zilipofukuza gesi, Jua liliimulika ile gesi na kuzipofusha kamera. Hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Siku ya 6, Novemba 21: nyuma ya Mwezi

Mawasiliano yalikatika 12:25, kama ilivyotarajiwa, Mwezi ulipokaa katikati. Saa 12:44, kimya kikiendelea, injini kuu iliwashwa kwa dakika 2 na sekunde 30. Saa 12:57 chombo kilipita km 130 juu ya uso wa Mwezi. Dakika 34 baada ya kupotea, kikasikika tena upande wa pili, na picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya ukingo wa Mwezi ikaanza kushuka.

Injini hiyo inastahili sentensi zake. Moduli ya huduma ya Orion hutengenezwa Ulaya na ina injini 33: moja kuu, nane za akiba na 24 ndogo za kugeuza. Ile kuu ilitoka kwenye Space Shuttle, ambako ilikuwa imekwisha kuruka mara 19 kati ya 1984 na 2002. Ndiyo iliyopewa kazi ya kuwashwa mahali pasipo na simu.

Ulikuwa mpito mzuri kwa picha za chombo chenyewe, lakini kwa mtazamaji wa ardhini siku hii ilikuwa ya kupumzika. Mwezi mwandamo uliangukia usiku wa Novemba 23, kwa hiyo siku mbili kabla yake Mwezi ulikuwa umejibana karibu na Jua, na Orion pamoja nao. Kuelekeza darubini kwenye eneo hilo ni kuhatarisha jicho na kamera bila faida yoyote.

*Kwa mwenye redio.* Hapa ndipo dishi linaposhinda darubini, maana halijali mchana. Orion ilituma kwenye masafa ya megahezi 2216.5. Aliye na dishi la kipenyo cha mita 1.2 ana mwale wa upana wa digrii 8 hivi, kwa hiyo kulenga si tatizo: lenga Mwezi, umo ndani. Tatizo ni kelele. Kikuza mawimbi kifungwe palepale kwenye kinywa cha dishi, kabla ya waya. Kila desibeli inayopotea kwenye waya kabla ya kikuza hairudi tena. Wimbi limezungushwa, na mzunguko wake hugeuka kinyume linapogonga dishi, kwa hiyo kinywa kilichozungushwa vivyo hivyo na wimbi la angani hakitasikia karibu chochote. Ukipoteza ishara bila sababu, anza kuangalia hapo. Vipokezi vya bei nafuu vya RTL-SDR huishia megahezi 1766, basi ama utie kishusha masafa mbele yake, ama utumie kipokezi kinachofika juu zaidi, kama HackRF.

Usitarajie kusoma data. Kinachotafutwa ni mstari mwembamba wa wimbi beba kwenye skrini. Chuja upana mdogo, hezi chache tu, na uache wastani ujikusanye kwa sekunde kadhaa. Mstari huo hautulii mahali pamoja: kila km 1 kwa sekunde ya kukaribia au kuondoka huuhamisha kilohezi 7.4 hivi, na mzunguko wa Dunia unaongeza wake. Kipokezi kisicho na saa thabiti nacho huteleza chenyewe kikipata joto, ndipo watu hufuatilia mteleko wa kifaa chao wakidhani ni chombo. Kipokezi kiwashwe nusu saa kabla, au kifungwe kwenye saa ya GPS. Ukweli huthibitika chombo kinapoingia nyuma ya Mwezi: mstari wako usipokatika wakati huo, haukuwa Orion.

Kasoro ya siku hizi za mwezi mwandamo ni kwamba Jua nalo limo karibu na mwale, na kelele yake hufunika ishara. Itumie kelele hiyo kwa jambo jingine: elekeza dishi kwenye Jua lenyewe, sogeza hadi kelele ifike kilele, kisha soma tofauti kati ya mahali Jua lilipo kwa hesabu na namba za mlingoti wako, yaani kishikio kinachogeuza dishi. Tofauti hiyo iongeze kwenye kila kipimo.

Siku ya 8, Novemba 23

Saa 06:09 NASA ilikipoteza chombo kwa dakika 47, wakati mawasiliano na Deep Space Network, yaani dishi kubwa za Goldstone, Madrid na Canberra, yakipangwa upya. Halikuwa jambo lililopangwa. Marekebisho yalifanyika upande wa ardhini, mawasiliano yakarudi, safari ikaendelea bila athari.

Siku ya 10 na 11, Novemba 25 na 26: kuingia njia kuu

Saa 22:52 ya Novemba 25 injini kuu iliwashwa kwa dakika 1 na sekunde 28, na Orion ikaingia kwenye mzingo mpana ambao huuzunguka Mwezi kinyume cha mwelekeo wa Mwezi kuizunguka Dunia. Mzingo huo una faida moja inayolipa umbali wake: uvutano wa Dunia na wa Mwezi umesawazika kiasi kwamba chombo hutumia mafuta kidogo sana kubaki humo. Ni mahali pazuri pa kujaribu chombo kwa siku nyingi.

Kesho yake saa 13:42 kilivunja rekodi ya km 400,171 iliyowekwa na Apollo 13 mwaka 1970, ya chombo kilichojengwa kubeba watu kufika mbali kuliko vyote kutoka Duniani. Apollo 13 haikuwa imekusudia rekodi. Ililazimika kupita nyuma ya Mwezi ikitafuta njia ya kurudi. Mwanasesere mwenye jina la Campos kukalia kiti siku ile naona kulipangwa kwa heshima kuliko sherehe zote za uzinduzi.

Siku ya 13, Novemba 28: mwisho wa barabara

Saa 21:06 chombo kilifika km 432,210 kutoka Duniani. Ishara ya redio ilichukua sekunde 1.4 kufika. Kamera ya kwenye ncha ya paneli ilipiga picha ambayo wengi wanaikumbuka: Orion pembeni, Mwezi, na Dunia ndogo nyuma yake.

Kwa mtazamaji wa ardhini hizi zilikuwa siku za kudanganya. Mwezi ulikuwa mchanga, mwanga wake mdogo, na Orion ikiwa kama km 69,000 kutoka kwake ilionekana pembeni yake, nje ya mng'ao. Mtu angesema hapo ndipo pa kuitafuta. Lakini Orion kwa kawaida husafiri ikiwa imelielekezea Jua mkia wake, paneli zikiwa zimefunguka upande huohuo. Mwezi ukiwa mchanga, Jua liko nyuma ya chombo kwa mtazamo wetu, kwa hiyo tunaona migongo ya paneli na upande wenye kivuli. Ongeza na umbali wa juu kabisa wa safari nzima. Asiyeiona siku hizi asilaumu darubini.

Siku ya 16, Desemba 1

Saa 21:53 injini iliwashwa kwa dakika 1 na sekunde 45, chombo kikatoka kwenye mzingo. Kilikuwa kimekaa siku sita na kuzunguka nusu tu. Siku zilizofuata ni vipimo vya injini ndogo na vya joto, hakuna la kusimulia.

Siku ya 20, Desemba 5: kugeuka nyumbani

Saa 16:43, nyuma ya Mwezi tena, injini kuu ilichoma kwa dakika 3 na sekunde 27 chombo kikipita km 127 tu juu ya uso. Baada ya uchomaji huo njia ya kurudi ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Yaliyobaki ni marekebisho madogo.

Saa kadhaa kabla ya uchomaji huo, swichi nne za kulinda mfumo wa umeme zilijizima zenyewe. Ziliwashwa tena bila hasara. Katika safari nzima matukio ya aina hii yalihesabiwa 24, na uchunguzi wa baadaye uliyaweka kwa mionzi. Bila mtu ndani ni kero. Kukiwa na watu, umeme kukatika kabla ya kuwasha injini ni jambo jingine kabisa, na sidhani kama lilipewa nafasi linayostahili kwenye habari za wakati ule.

Siku ya 23 hadi ya 25, Desemba 8 hadi 10: usiku wa mtazamaji

Desemba 8 saa 04:08 ulikuwa Mwezi mpevu, na usiku huohuo Mirihi, ikiwa upande ulio kinyume cha Jua, ilifichwa na Mwezi kwa waliokuwa Amerika Kaskazini na Ulaya. Wengi walikuwa nje na darubini zao kwa ajili ya Mirihi.

Kwa Orion, jiometri sasa ilikuwa imegeuka. Jua liko nyuma yetu, mkia wa chombo umelielekea Jua, kwa hiyo umetuelekea na sisi, pamoja na paneli zote nne. Umbali unapungua kila saa, na ukipungua kwa nusu mwanga huongezeka mara nne, yaani magnitudo 1.5 kwa kipimo cha mng'ao cha wanajimu wa nyota. Mwanga wa Mwezi mpevu ni kero, lakini chombo kinazidi kujitenga nao. Ningelazimika kuchagua usiku wa safari nzima kwa ajili ya darubini ya nyumbani, ningechukua hizi, wala si Novemba 28.

Namna ya kufanya: kipenyo cha milimita 200 au zaidi, kamera ya rangi moja, pikseli moja ikifunika sekunde ya tao 1 hadi 2 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Chombo kikiwa karibu na umbali wa Mwezi huenda takriban nusu sekunde ya tao kwa kila sekunde, kwa hiyo picha ya sekunde 30 huutandaza mwanga wake juu ya pikseli 10 na kuuzamisha kwenye kelele. Piga fremu fupi, za sekunde 5 hivi, nyingi, 60 hadi 100. Zirundike mara mbili: kwanza ukizipanga kwa nyota, kisha ukizihamisha kwa kasi na mwelekeo uliosomwa kwenye jedwali. Kitu cha kweli huwa mstari katika rundo la kwanza na nukta katika la pili. Kinachotoa nukta za uongo ni pikseli mbovu za kamera: mlingoti unapoteleza kidogo kuelekea upande uleule wa chombo, pikseli mbovu nayo hujirundika vizuri. Sogeza darubini pikseli kadhaa huku na huku kati ya fremu, na utoe fremu za giza, zile zilizopigwa darubini ikiwa imefunikwa. Mwezi ukiwa juu, kizuia mwanga kirefu mbele ya darubini hufanya kazi kubwa kuliko kichujio chochote, maana Orion hung'aa kwa mwanga wa Jua kama Mwezi wenyewe, na hakuna rangi ya kuvitenganisha.

Desemba 8 pia mahali pa kutua palisogezwa kusini kwa sababu ya hali ya hewa karibu na San Diego.

Siku ya 26, Desemba 11: kutua

Moduli ya huduma iliachwa dakika 40 hivi kabla ya kutua, ikaungua juu ya Pasifiki. Kibanda kiliingia hewani kwa zaidi ya km 39,000 kwa saa. Hakikushuka moja kwa moja: kilizama kwenye hewa, kikainuka tena kidogo, kisha kikashuka mara ya pili. Mtindo huo hugawa joto na mkandamizo katika vipindi viwili, na huwapa waongozaji nafasi kubwa ya kuchagua mahali pa kutua. Ngao ya joto, yenye kipenyo cha mita 5, ilifika karibu nyuzi 2,760 za Selsiasi. Parachuti 11 zilifunguka kwa zamu: tatu za kuondoa kifuniko, mbili za kupunguza kasi, tatu za kuvuta, tatu kuu. Saa 17:40 chombo kikagusa maji magharibi mwa Baja California, karibu na kisiwa cha Guadalupe, kwa kasi ya km 32 hivi kwa saa. Ilikuwa miaka 50 kamili tangu Apollo 17 itue Mwezini.

Hakikuvutwa mara moja. Kiliachwa majini, kikiwa kimewashwa, kwa saa mbili, ili ipimwe namna joto la ngao linavyopenya ndani. Kisha meli ya USS Portland ikakiingiza kwenye tumbo lake lililojazwa maji. Jumla ya njia: km milioni 2.25.

Desemba 13, Desemba 30 na baada yake

Meli ilifika San Diego Desemba 13. Kutoka hapo chombo kilisafirishwa kwa lori hadi Kennedy, kituo cha Florida kilikoondokea, kikafika Desemba 30.

Nyumbani ndipo ngao ilipofunguliwa. Katika sehemu zaidi ya 100 mkaa wake ulikuwa umebanduka vipande, badala ya kulika taratibu. Chanzo kilitangazwa Desemba 2024, na kinahusu ule mtindo wa kuzama na kuinuka: kipindi cha katikati, joto la nje liliposhuka, uso wa ngao uliacha kuungua kwa kasi lakini ndani gesi iliendelea kuzalishwa. Bila uso wenye vitundu vya kuitoa, shinikizo likapanda, nyufa zikaja, vipande vikaruka. Ndani ya kibanda joto lilibaki la kawaida. Wangekuwemo watu wasingejua. Kwa Artemis II ngao haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni njia ya kushuka, ili kipindi cha katikati kiwe kifupi.

Artemis II ilipangiwa watu wanne, Reid Wiseman, Victor Glover, Christina Koch na Jeremy Hansen, kwa siku 10 hivi, kwenye njia inayozunguka nyuma ya Mwezi na kurudi yenyewe bila kuingia mzingo. Safari ya namna hiyo haina wiki nzima ya kukaa karibu na Mwezi, kwa hiyo usiku mzuri ni wachache, na awamu ya Mwezi siku ya kuondoka ndiyo ya kuangaliwa kwanza: hesabu siku nne au tano mbele uone Mwezi utakuwa umbali gani kutoka kwenye Jua chombo kitakapofika.

Mazoezi yanaweza kufanywa bila kusubiri roketi yoyote. Ingiza -1023 kwenye Horizons, chagua Desemba 9, 2022, toa jedwali moja kwa kitovu cha Dunia na jingine kwa mahali ulipo, na upime tofauti yake dhidi ya upana wa picha ya kamera yako. Ukiona namba za jedwali zote mbili zimelingana, mahali pa mtazamaji hapajabadilika. Rudi uparekebishe kabla ya kugusa darubini.